Mstari wa Kumi na Mbili wa Bayana

Sitasimulia nilivyofika Bayana. Njia ilikuwa ndefu, nilikuwa na mfuko wa brashi begani na malengelenge miguuni, basi. Ninachotaka kueleza ni yale niliyoyaona katika siku ishirini na sita nilizokaa huko, na hasa habari ya Bi Mashavu na maji ya Mtaa wa Chini, kwa sababu nilikuwapo na mkono wangu ulihusika.

Jina langu ni Mwanasiti. Kazi yangu ni kuandika vibao: vya maduka, vya vinyozi, vya zahanati. Nilidhani najua kila kitu kuhusu vibao mpaka nilipofika nchi ile.

Bayana ina mji mmoja, na katikati ya mji kuna uwanja. Upande mmoja wa uwanja umesimama Ubao, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, na kazi zote za nchi zimeandikwa hapo. Kazi kubwa huitwa mama, na vipande vyake huitwa watoto. Kujenga shule ni mama. Kuchimba msingi, kupandisha ukuta na kuezeka paa ni watoto wake. Pembeni mwa kila mstari kuna duara la rangi. Likiwa jeupe, kazi haijaanza. La manjano, inaendelea. La kijani, imekwisha. Na sheria inasema mtu asiguse kazi yake kabla mstari wake haujapakwa manjano, wala asiiache kabla haujapakwa kijani.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta mwashi amekaa juu ya ukuta alioumaliza wiki moja nyuma, anasubiri kijani ndipo ashuke. Mkewe alikuwa anampandishia chakula kwa kamba. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema upepo wa huko juu ni mzuri, na tangu apande hajagombana na mkewe hata mara moja. Mke naye akasema ni kweli.

Kuna sheria nyingine mbili ambazo msomaji lazima azijue. Ya kwanza ni Sheria ya Upana: jina la kazi lisizidi herufi kumi na mbili, na kinachozidi hukatwa. Kwa hiyo nilisoma ubaoni mistari mingi inayosema "Kutengeneza v", na kila mtu hukisia yaliyobaki. Mwaka mmoja shule iliyoomba viti ililetewa vyoo. Walimu waliandika barua ya shukrani, kwa maana hawakuwa na vyoo pia. Ya pili ni Sheria ya Mama: mama huvaa rangi ya watoto wake walio wengi. Wabayana wanaiona kuwa sheria ya upole sana, na mimi nilikubali, mpaka nilipopata mahali pa kulala.

Nilipanga chumba kwa Bi Mashavu, dobi wa Mtaa wa Chini. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Uani kwake palikuwa na kamba nane za kuanikia na mapipa sita matupu.

"Karibu, mgeni," aliniambia. "Maji ya kuoga ni kata mbili. Ukitaka ya tatu, kijito kipo nyuma ya kile kilima, ndoo ile pale."

"Lakini Bi Mashavu, nimesoma ubaoni maji yameletwa huku. Mama ni wa kijani kabisa."

"Hata mimi nimesoma, mwanangu. Nasoma mwaka wa sita sasa. Nikisoma sana natokwa na jasho, na hayo ndiyo maji niliyoletewa."

Nilidhani anatania. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha bomba lililotoka ardhini, zuri, limepakwa rangi ya buluu, na mdomoni mwake kuku alikuwa amejenga kiota. Mtaa mzima ulikuwa na mabomba kama hayo. Wanawake, wanaume na wazee walikwenda kijitoni mara nne kwa siku, na walipita njia ya nyuma, kwa sababu kuonekana na ndoo barabarani kulihesabiwa kuwa ni kuubishia Ubao.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa Siku ya Maji. Kila mwaka watu wa Mtaa wa Chini huitwa uwanjani, kila mmoja na bilauri yake iliyojaa, wakanywe mbele ya Waziri na kushukuru. "Na hayo maji ya kwenye bilauri?" niliuliza. Bi Mashavu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ya kijitoni! Tunatembea mwendo wa saa nzima kuyafuata ili tukashukuru kwamba hatutembei."

Siku ya Maji ya mwaka huo ilikuwa imebaki wiki mbili. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa vibao, niliitwa kwenye Wizara ya Mwonekano nikapewa kazi ya kuupaka Ubao rangi upya.

Waziri, Mheshimiwa Pambo, alinipokea kwa ukarimu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kanzu iliyonyooka sana. Pembeni yake alikaa Karani Zingizi, mtunza sheria, ambaye hakuachana na futi yake ya kupimia hata wakati wa kunywa chai.

"Kijani chetu kimefifia," Waziri alisema kwa huzuni. "Watu wanaanza kukidhania manjano. Nataka kijani ambacho mtu akikiona moyo wake unatulia."

"Kijani cha mgomba au cha kasuku, Mheshimiwa?"

Walitazamana. Karani Zingizi akasema kwa sauti ya chini kwamba suala hilo liliwahi kuivunja serikali, afadhali nisilitaje mbele za watu. Nikaahidi kwamba nitachanganya vyote viwili.

Nilifanya kazi juu ya ngazi siku nne. Siku ya tano nilishuka hadi chini kabisa ya Ubao, penye watoto wa "Kupeleka maji". Walikuwa kumi na mmoja: kuchimba mtaro, kulaza bomba, kufukia, na wenzao, wote wa kijani. Ubao umezungushiwa fremu pana ya mti uliochongwa maua na kupakwa dhahabu. Nilipokuwa nafuta vumbi kwenye ukingo wa fremu, niliona vichwa vya herufi vinachungulia. K ilionyesha pembe zake mbili. Nyuma ya fremu palikuwa na mstari mwingine.

Nilichukua brashi nyembamba, nikaipenyeza, nikafuta polepole, kisha nikalaza shavu kwenye ukingo na kuchungulia. Ulisomeka: "Kufungulia ko". Duara lake lilikuwa jeupe.

Jioni ile nilimwambia Bi Mashavu. Aliacha pasi yake ya mkaa juu ya jiwe, akaja kukaa karibu yangu.

"Koki," alisema. "Koki iko wapi?"

Kesho yake tuliifuata njia ya bomba, kutoka mtaani mpaka juu ya kilima kilicho upande wa pili wa mji. Huko tulilikuta tangi la mawe limejaa mpaka linamwagikia majanini. Pembeni yake palikuwa na bata, vyura, bustani ya maharage, kibanda kidogo, na mtu wa miaka arobaini anayepaka grisi gurudumu la koki kubwa kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Alikuwa Fundi Hatibu. Alikuwa amekaa pale miaka sita.

"Karibuni, karibuni!" Alifurahi mno. "Nyinyi ni watu wa kwanza kunitembelea tangu masika ya mwaka juzi. Tazameni, inazunguka kwa kidole kimoja. Naipaka kila asubuhi ili siku mstari wangu ukiwa wa manjano nisichelewe hata kidogo." Akatuonyesha darubini iliyofungwa kwenye kigingi, imeelekezwa uwanjani. "Nautazama Ubao mara tatu kwa siku. Mstari wangu siuoni. Nimeandika barua kila mwezi."

"Wakakujibu nini?" niliuliza.

"Kwamba mstari wangu hauonekani, kwa hiyo barua zangu hazina mahali pa kuwekwa."

Bi Mashavu alikuwa anayatazama maji yanayomwagikia bata. "Fungua," alisema.

"Mama, mstari wangu haujawa—"

"Nimekwambia fungua! Miaka sita nabeba ndoo na magoti haya! Jirani yangu aliteleza na ndoo akavunjika nyonga, hajatembea tena! Na wewe umekaa hapa unawanywesha bata?" Akaidaka spana, akaliendea gurudumu. Hatibu akamkimbilia, akaishika spana upande wa pili. Wakavutana, mama wa miaka sitini na fundi mzima, na ningesema ni kichekesho kama nisingeuona uso wa yule fundi. Alikuwa analia.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema, bila kuiachia spana. "Mtu alichoka kusubiri akafungua koki ya Mtaa wa Kati. Baba yangu alikuwa mtaroni anaunganisha bomba, yeye na wenzake wawili. Hatukumzika siku hiyo, tulimtafuta siku tatu. Ndipo Ubao ukatengenezwa, mama. Hakukuwa na dhahabu wala waziri. Kilikuwa kibao kidogo tu, kikionyesha nani bado yumo mtaroni. Mimi sitafungua mpaka nione."

Bata walipiga kelele. Bi Mashavu aliiachia spana, akamfuta yule fundi uso kwa ncha ya khanga yake.

"Basi, mwanangu," alisema. "Usilie. Tutaushusha huo mstari wako mpaka uuone."

Tulipeleka habari kwa Waziri, na Baraza likaitishwa. Nimehudhuria mabaraza mengi katika safari zangu, lakini sijaona jingine ambamo watu wote walikubaliana juu ya tatizo na bado wakazungumza siku tatu.

Mjumbe mmoja alipendekeza fremu ishushwe. Alijibiwa kwamba maua yale yalichongwa na wazee, na kwamba ua la chini kushoto lilikuwa limeorodheshwa kama urithi. Mwingine alipendekeza herufi zipunguzwe urefu. Karani Zingizi alisimama na futi yake akasoma kifungu: herufi isipungue shubiri moja, wasioona vizuri wasije wakaonewa. Wa tatu alitaka mtoto mmoja wa kijani afutwe ili kupata nafasi. Hapo palitokea zogo, maana mstari wa "Kufukia" ni fahari ya ukoo mmoja mkubwa, na wazee wao walikuwa wamekaa safu ya mbele.

Bi Mashavu alipewa dakika mbili.

"Waheshimiwa," alisema, "sitaki kugusa ua la mtu. Mimi ni dobi. Nguo ikiwa fupi, huwa hatumkati mguu aliyeivaa. Tunaongeza kitambaa."

Walimpigia makofi kwa adabu, kisha wakaamua kuunda kamati. Kamati nayo ilikuwa kazi, ikahitaji mstari ubaoni, na nafasi haikuwapo. Baraza likaahirishwa, kila mtu akiwa ameridhika kwamba jambo limeshughulikiwa ipasavyo.

Tukatoka. Nilikuwa nimekata tamaa, lakini Bi Mashavu alikuwa anatembea haraka kuliko kawaida yake, akihesabu kitu kwenye vidole.

"Mwanasiti, wewe ndiye mchoraji uliyeidhinishwa, au siyo?"

"Ndiyo, mpaka Siku ya Maji ipite."

"Vizuri. Rangi ya manjano imebaki?"

"Kopo zima."

Siku ya Maji uwanja ulifurika. Watu wa Mtaa wa Chini walikuja na bilauri zao na nguo zao bora. Matarumbeta yalipigwa. Mheshimiwa Pambo alisifu kijani kipya, na kwa kweli kilikuwa kizuri, hata mimi nilikipenda. Alipoinua mkono kuwaamuru watu wanywe, Bi Mashavu alitoka kwenye mstari na shuka jeupe la vitanda viwili begani, amejaza vibanio vya nguo mdomoni. Akaufikia Ubao, akalibana shuka kwenye ukingo wa chini wa fremu, kibanio baada ya kibanio. Likaning'inia likipepea mbele ya watu elfu mbili.

"Andika," aliniambia.

Nikaandika kwa herufi za shubiri moja: "Kufungulia ko". Nikachora duara tupu.

"Hii ni nini?" Waziri aliuliza. "Karani! Hii inaruhusiwa?"

Karani Zingizi alikuja na kitabu chake na futi yake. Alipima herufi. Alipima duara. Alizunguka nyuma ya shuka akatokea upande wa pili. Kisha akafungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja, akarudi akausoma tena.

"Mheshimiwa," alisema polepole, kama mtu anayegundua jambo kuhusu nyumba aliyozaliwa, "sheria inasema mstari uwe ubaoni, mbele ya watu, kwa mkono wa mchoraji aliyeidhinishwa. Nimeisoma miaka kumi na tisa. Haisemi popote kwamba Ubao ni mbao."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha kicheko kikaenea.

Nikachovya brashi kwenye manjano, lakini Bi Mashavu akanishika mkono.

"Bado. Walio mtaroni kwanza." Akawageukia watu na ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Nani alichimba mtaro?"

"Sisi!" wakaitika wanaume wa upande wa kulia.

"Yumo mtu?"

Wakatazamana, wakajihesabu. "Hayumo!"

"Nani alilaza bomba? Yumo mtu?"

"Hayumo!"

Aliita watoto wote kumi na mmoja wa kazi ile, mmoja baada ya mwingine, na wote wakajibu. Wazee wa ukoo wa Kufukia walisimama kujibu kwa pamoja, wameshikana mikono, mmoja wao machozi yakimtiririka. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa ndugu wa mmoja wa wale watatu waliofia mtaroni zamani. Sikuwahi kuona Ubao ukisomwa namna ile, na nadhani wao pia hawakuwahi.

"Sasa paka," Bi Mashavu alisema.

Nikapaka manjano. Jua lilikuwa kali na shuka lilikuwa jeupe, duara likang'aa kama kiini cha yai. Tukageuka wote kutazama kilima chenye tangi. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Halafu tuliona mtu mdogo sana juu ya tangi, anarukaruka na kupunga mikono, kisha akatoweka.

Watu waliteremka mbio hadi Mtaa wa Chini, bilauri mikononi, maji ya kijitoni yakimwagika njiani. Waziri naye alikimbia, kanzu ameipandisha magotini. Tulijazana uani kwa Bi Mashavu. Yeye alimwondoa kuku kwenye kiota, akamhamishia mayai yake ndani ya beseni, akarudi kusimama mbele ya bomba.

Kwanza bomba lilikohoa. Kisha likapuliza hewa ndefu yenye vumbi. Likanyamaza. Mara akaruka chura, mnene, mwenye afya, akatua kifuani pa Mheshimiwa Pambo. Nyuma yake yakaja maji, mekundu kama udongo kwanza, halafu ya rangi ya chai, halafu meupe kabisa, yakipiga kwa nguvu chini ya pipa la kwanza.

Sitaweza kueleza kelele zile. Vigelegele vilitoka kila ua. Watu walimwaga bilauri zao na kuzijaza upya. Jirani mwenye nyonga aliletwa na kiti chake, akaomba awekwe chini ya bomba na nguo zake zote, akawekwa. Waziri alikuwa amelowa hadi mifupani, na yule chura bado amemshika mkononi, na alikuwa anacheka kama mtu aliyetua mzigo asioujua. "Yana baridi!" alikuwa anamwambia kila aliyempita. "Jamani, yana baridi!"

Fundi Hatibu alishuka kilimani alasiri bila kungoja kijani, bata wake wakimfuata kwa mstari. Alisimama mlangoni mwa ua akiwa amevua kofia. Hakuna aliyemfahamu isipokuwa sisi wawili. Bi Mashavu alimkalisha kwenye kigoda karibu na bomba, akamwekea sahani ya wali na samaki, akawaambia watu, "Huyu ndiye." Ikatosha. Walimshika mkono mmoja mmoja mpaka wali ukapoa.

Siku tatu baadaye, nilipokuwa nafunga mfuko wangu, Karani Zingizi alibisha hodi. Alikuwa na kopo la kijani na sura ya wasiwasi. Kazi imekwisha, alisema, inabidi mstari wa kumi na mbili upakwe kijani, uandikwe kwenye kumbukumbu za taifa na utunzwe. Lakini shuka halikuwapo uwanjani.

Tulimkuta Bi Mashavu uani, mapipa yote sita yamejaa, povu limempanda hadi viwikoni. Ndani ya karai kubwa herufi zangu zilikuwa zinayeyuka. Nilikuwa nimetumia rangi ya maji.

"Bi Mashavu!" Karani alipiga kelele. "Unafua kumbukumbu ya nchi!"

"Nafua shuka la Mama Sikujua wa barabara ya pili," alisema bila kuinua kichwa. "Alinipa tangu wiki iliyopita. Anakuja kulichukua saa kumi, na mimi sijawahi kumchelewesha mteja."

Karani Zingizi alilitazama karai, manjano ikigeuka kuwa maji ya kawaida. Alitazama kopo lake la kijani. Nilimwona akitafuta kifungu kichwani, na nilimwona akikikosa. Kisha Bi Mashavu akalitoa shuka majini, zito, linachuruzika, akamnyooshea ncha moja.

"Shika huko, baba. Kamua kuelekea kulia."

Aliweka kopo chini, na futi juu ya kopo, akakunja mikono ya shati, akashika.